Chombo cha kuitia bata mzinga: maana, aina, utunzaji na matumizi ya maneno

Chombo cha kuitia bata mzinga (nomino, ngeli ya KI-VI, wingi: *vyombo vya kuitia bata mzinga*). Kifaa kidogo cha mkononi au cha mdomoni ambacho mwindaji hukitumia kuiga sauti ya bata mzinga wa mwituni, ili ndege huyo ajibu au asogee karibu.

Uwindaji wa namna hii ni wa Amerika ya Kaskazini, makao ya asili ya bata mzinga, na msimu wake mkuu ni majira ya machipuko, wakati madume wanapotafuta majike. Istilahi zake hazikuzaliwa katika mazingira ya Kiswahili. Hata hivyo, wasemaji wa Kiswahili sasa wanaishi katika majimbo ya Marekani ambako uwindaji huu ni desturi ya kila mwaka, kama vile Kentucky, Ohio na Texas, na mfasiri anaweza kukabidhiwa maelezo ya kifaa, kanuni za msimu au somo la usalama wa wawindaji. Katika matini hizo neno lisilo sahihi haliharibu mtindo peke yake: laweza kuharibu kifaa, kumvunjisha mtu sheria, au kumweka mbele ya mtutu wa bunduki. Makala haya yanaeleza majina yanayohitajika, namna vyombo vinavyochaguliwa na kutunzwa, na mahali ambapo tafsiri hupotoka.

1. Jina la ndege

Bata mzinga (*Meleagris gallopavo*) ni ndege mkubwa wa jamii moja na kuku na kware. Si wa jamii ya bata, ijapokuwa hubeba jina lake. Jina huandikwa kwa maneno mawili, ingawa wapo wanaoliunganisha kuwa *batamzinga*. Wingi ni *mabata mzinga* au *bata mzinga*, na upatanisho ni wa viumbe hai: *bata mzinga amelia, mabata mzinga wamelia*. Yule asiyefugwa ni *bata mzinga wa mwituni*.

Jina lisifupishwe kuwa *bata*. Uwindaji wa bata wa majini una vyombo vyake vya kuitia, navyo ni vijibomba vya kupulizwa vilivyo mbali na hivi kwa umbo na kwa sauti. Msomaji aliyeandikiwa *chombo cha kuitia bata* atanunua kitu kingine.

Kwa jinsia, *dume* na *jike* ndiyo maneno salama. *Jogoo* na *tetea* ni ya kuku. Kanuni za majimbo kadhaa hazitaji dume bali *ndege mwenye ndevu*, yaani mwenye kishungi cha manyoya magumu yanayoning'inia kifuani. Mfasiri asibadilishe maneno hayo kuwa *dume*, kwa kuwa majike wachache nao huota ndevu, na sheria imechagua alama inayoonekana kwa macho.

2. Jina la kifaa

Kiswahili hutaja kifaa kwa kauli ya kutendea: *kisu cha kukatia, jiwe la kunolea, chungu cha kupikia*. Kwa njia hiyo hiyo hupatikana *chombo cha kuitia*. Kiambishi *-i-* ndicho kinachobeba maana ya "kwa kutumia". *Chombo cha kuita* hueleweka, lakini hulegea kwa sababu hudokeza kwamba chombo chenyewe ndicho kinachoita. Jina kamili likishatajwa mara moja, *chombo cha kuitia* linatosha katika matini iliyobaki.

Maneno manne hutumiwa mahali pake kimakosa:

*Mwito* (au *wito*) ni tendo au ujumbe: mwito wa mahakama, mwito wa vita. Haulitaji umbo la kushikwa mkononi.

*Filimbi* hupulizwa. Vyombo vingi vya kuitia bata mzinga husuguliwa, na kimoja mashuhuri hufyonzwa.

*Chambo* ni chakula cha kuvutia mnyama. Katika majimbo mengi ya Marekani kuwinda bata mzinga penye chambo cha nafaka ni kosa la jinai, ilhali kumwita kwa sauti kunaruhusiwa. Neno hili hugeuza jambo halali kuwa haramu.

*Ndege bandia* ni sanamu ya bata mzinga inayosimikwa ardhini ili ionekane. Hufanya kazi pamoja na chombo cha kuitia, lakini si chombo hicho.

Fikra ya kumwita ndege kwa sauti ya mwenzake si ngeni Afrika Mashariki. Magharibi mwa Kenya wategaji wa tombo hutundika tombo hai ndani ya vikapu juu ya mti mrefu, na milio yao huwavuta walio huru hadi penye mitego. Huko anayeita ni ndege mwenyewe. Kwa bata mzinga anayeita ni mtu.

3. Milio inayoigwa

Chombo hakiwezi kuchaguliwa kabla ya kujua kitatoa mlio gani. Mitano ifuatayo ndiyo ya msingi.

*Mlio wa kuita*: msururu wa milio ya jike yenye mdundo ulio sawa, mitatu, mitano, saba au zaidi. Ndio wa kwanza kufundishwa.

*Mlio wa utulivu*: mlio mmoja mfupi wa jike, wenye nafasi kabla ya mwingine. Humwambia anayesikia kwamba hapa hakuna wasiwasi.

*Mkoromo laini*: sauti ya chini ya ndege anayekula au kutembea kwa raha, mfano wa paka anayekoroma akipapaswa.

*Mlio wa hatari*: mfupi kama ule wa utulivu, lakini mkali na wa ghafla. Ndege wakiusikia huinua vichwa na kuondoka. Matini ikitenganisha milio hii miwili, tafsiri nayo lazima iitenganishe.

*Mlio wa dume*: mfululizo mzito na wa haraka unaobingirika kooni, unaosikika mbali sana alfajiri. Kazi yake yafanana na ile ya kuwika kwa jogoo, ila *kuwika* kubaki kwa jogoo wa kuku. Mlio huu una onyo lake katika sehemu ya 6.

4. Aina na uchaguzi

Kisanduku cha kuitia. Ni kisanduku chembamba cha mbao chenye mfuniko uliofungwa kwa skrubu upande mmoja tu, hivyo kwamba mfuniko huweza kupelekwa kushoto na kulia kama kasia. Upande wa chini wa mfuniko, uliopakwa chaki, husugua ukingo wa ubavu wa kisanduku. Mbao hutetema, na uwazi wa ndani huikuza sauti. Kanuni yake ni ile ya upinde wa fidla: kunata na kuachia mara nyingi kwa sekunde. Mwaka 1897 Henry C. Gibson wa Dardanelle, Arkansas, alipata hataza ya kisanduku cha aina hii, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Mara nyingi mbavu mbili za kisanduku kimoja hutoa sauti mbili tofauti, moja nyembamba na moja nzito.

Hiki ndicho chombo kinachomfaa anayeanza. Hutoa sauti nzuri baada ya mazoezi machache, na nguvu yake huvuka upepo. Udhaifu wake ni kwamba huhitaji mikono miwili, husogezwa mbele ya ndege mwenye macho makali mno, na huacha kulia kikiloa.

Kisahani cha kusugua. Ni kisahani cha mviringo kinachoenea kiganjani, chenye uso wa sleti, kioo au alumini, na matundu upande wa chini. Hulia kwa kusuguliwa na *kijiti cha kusugulia*, ambacho huweza kuwa cha mbao, kaboni au akriliki. Sleti hutoa sauti laini inayofaa ndege akiwa karibu. Kioo na alumini hutoa sauti kali zaidi inayofika mbali. Kubadili kijiti hubadili sauti, kwa hiyo mwenye kisahani kimoja na vijiti vitatu ana sauti tatu. Anayewinda penye mvua huchagua kioo pamoja na kijiti cha akriliki au kaboni, kwa kuwa sleti na mbao hushindwa na maji.

Chombo cha kaakaani. Ni kifremu kidogo chenye umbo la kwato ya farasi, kilichowambwa utando mmoja au zaidi wa mpira mwembamba wa lateksi. Hubanwa kwa ulimi dhidi ya kaakaa, na hewa inayosukumwa kutoka kifuani huitetemesha tando. Huiacha mikono yote miwili huru, na hakuna kinachosogea isipokuwa koo. Kwa sababu hiyo ndicho kinachopendwa dume akishakaribia. Ndicho pia kigumu kuliko vyote kujifunza, na wapo ambao makaakaa yao hayakikubali kabisa. Anayeanza huchagua chenye tando moja au mbili; tando nyingi na mikato juu yake huongeza ukwaru wa sauti, lakini hudai pumzi zaidi.

Mfupa wa bawa. Ni kijibomba kilichoungwa kwa mifupa miwili au mitatu ya bawa la bata mzinga, mwembamba ukiingia ndani ya mnene. Ni cha kale kuliko vyote vilivyotajwa. Wenyeji wa asili wa Amerika walikitumia kabla ya kuja kwa Wazungu. Hapa ndipo mfasiri huteleza kwa urahisi: mfupa huu *haupulizwi*. Mwindaji huweka ncha nyembamba midomoni na *kufyonza* hewa kwa mikupuo mifupi, kama anayebusu. Akipuliza, hapati mlio wa bata mzinga.

Kisanduku cha kubonyeza. Husukumwa kijipini kwa kidole kimoja na sauti hutoka. Ni rahisi hata kwa mtoto, lakini milio yake ni michache.

Chombo cha kushtulia. Huiga bundi, kunguru au kigogota. Hakimwiti bata mzinga; humshtua tu dume hata akalia bila kukusudia, na mwindaji akajua alipo. Kwa kuwa lengo lake ni tofauti, kitenzi *kuitia* hakikifai.

Vyombo vya umeme vyenye sauti zilizorekodiwa vimekatazwa na majimbo mengi kwa uwindaji huu. Matini ya kanuni ikivitaja, iandikwe *vyombo vya sauti zilizorekodiwa*, ili msomaji asidhani kwamba vyombo vyote vimekatazwa.

5. Utunzaji

Maadui wa vyombo vya kusugua ni wawili: unyevu na mafuta. Mafuta mengi hutoka vidoleni mwa mwenye chombo. Kwa hiyo agizo la kwanza katika karibu kila maelezo ni kutogusa uso unaosuguliwa, wala ncha ya kijiti.

Kisanduku hupakwa chaki upande wa chini wa mfuniko na, kwa wepesi, kwenye kingo za mbavu. Chaki yenyewe iwe *isiyo na mafuta wala nta*. Sifa hiyo isiachwe katika tafsiri kana kwamba ni pambo: chaki yenye mafuta huingia ndani ya mbao, mfuniko huanza kuteleza badala ya kunata, na sauti hufa. Skrubu ya mfuniko isikazwe wala kulegezwa ovyo, kwa maana mtengenezaji ameipima pamoja na sauti. Kisanduku kilicholoa hukaushwa polepole penye hewa, si karibu na moto, kwa sababu mbavu nyembamba hupasuka. Kikibebwa, mfuniko hufungwa kwa kitambaa au mpira ili kisilie chenyewe mfukoni.

Kisahani huhitaji *msasa*, na neno hili lahitaji uangalifu. Msasa kwa asili ni mti wenye majani yanayokwaruza, ambayo maseremala waliyatumia kulainishia mbao. Kutoka hapo jina likahamia kwenye karatasi ya dukani, na *kupiga msasa* kukawa kulainisha, hata kunoa mtindo wa maandishi. Katika kisahani cha kuitia kazi ni kinyume. Uso wa kioo uliolainika hauimbi. Msasa huupa mikwaruzo midogo ambayo kijiti kitaishika. Agizo linaloandikwa *lainisha kioo kwa msasa* humfanya msomaji atafute msasa mwembamba kabisa na kukiua chombo alichokusudia kukiponya. Kitenzi kinachofaa ni *kukwaruza*.

Kwa kioo hutumiwa msasa mkali, wa namba 80 au 100. Kwa sleti, ambayo ni laini, hutosha msasa mwororo au kitambaa kigumu cha kusugulia vyombo. Msomaji akumbushwe kwamba katika msasa namba ndogo ndiyo yenye ukali. Uso hukwaruzwa kuelekea upande mmoja, vumbi likapeperushwa bila kufutwa kwa kidole, na kijiti kikapitishwa kwa kuikata mikwaruzo hiyo, si kwa kuifuata. Ncha ya kijiti nayo hukwaruzwa kidogo inapoanza kung'aa.

Chombo cha kaakaani ni kitu cha kuingia mdomoni, na hutunzwa hivyo. Baada ya matumizi husuuzwa kwa maji safi na kukaushwa. Tando zikiwa zaidi ya moja, huwekewa kijiti cha meno katikati ili zisigandane. Jua na joto huua mpira. Chombo kilichoachwa juu ya dashibodi ya gari hakidumu. Wengi huvihifadhi ndani ya jokofu msimu ukiisha. Utando uliokunjamana au kuchanika hautengenezeki, na chombo hubadilishwa. Kisiazimwe.

Mfupa wa bawa huhitaji machache: uwe umetolewa uboho wote, uoshwe ncha zake, ukaushwe, na ubebwe ndani ya kitu kigumu usije ukavunjika.

6. Mlio wa jike na mlio wa dume: onyo kwa mfasiri

Masomo ya usalama wa wawindaji nchini Marekani hukazia hatari moja ya pekee katika uwindaji huu. Mwindaji huvaa mavazi ya rangi za msitu, huketi bila kusogea, kisha hutoa sauti ya mnyama anayewindwa. Mwindaji mwingine asiyemwona aweza kuisikia sauti hiyo na kuifuata akiwa na bunduki. Katika majira ya machipuko wanaotafutwa kwa kawaida ni madume. Kwa hiyo anayeiga *mlio wa dume* hujitangaza kuwa windo. Ndiyo maana wawindaji huonywa wasiuige mlio huo, hasa katika ardhi za umma.

Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa mlio wa dume na kingine kwa ule wa jike, na viwakilishi vyake hutofautisha jinsia. Kiswahili hakifanyi hivyo. *Mlio wake* ni wa dume au wa jike, na *analia* ni kwa wote wawili. Mfasiri aliyefuata sarufi bila kosa hata moja aweza kuandika *usiige mlio wake*, na msomaji asijue ameonywa juu ya nini. Tena akiandika *usiige mlio wa bata mzinga*, onyo linakuwa upuuzi, kwa kuwa kazi yote ya chombo ni kuiga mlio huo. Msomaji atalidharau pamoja na maonyo mengine. Katika sehemu za usalama, basi, *dume* na *jike* hurudiwa kila mara, hata pale ambapo sikio la mwandishi lingependelea kiwakilishi.

Kitenzi *kuita* nacho kina mtego. Kanuni husema kwamba mwindaji akimwona mwenzake anakuja, aseme kwa nguvu kwa sauti ya kibinadamu, bila kupunga mkono na bila kutumia chombo. Tafsiri *mwite mwenzako*, katika matini ambayo imetumia *kuita* mara hamsini kwa maana ya kutumia chombo, yaweza kueleweka kinyume kabisa. Iandikwe *paza sauti useme*.

Maonyo mengine hayana utata wa maneno, lakini yasipunguzwe: mwindaji aketi akiegemea shina la mti lililo pana kuliko mabega yake, asivae wala kutoa kitambaa chekundu, cheupe au cha buluu, kwa maana hizo ndizo rangi za kichwa cha dume, na asinyatie mlio wowote, kwa kuwa anayelia aweza kuwa mtu.

7. Mifano ya matumizi

Isifae: *Lainisha kioo kwa msasa.*
Ifae: *Kwaruza uso wa kioo kwa msasa mkali, kuelekea upande mmoja, hadi mng'ao utoweke.*

Isifae: *Paka kisanduku chaki.*
Ifae: *Paka chaki isiyo na mafuta upande wa chini wa mfuniko.*

Isifae: *Puliza mfupa wa bawa.*
Ifae: *Fyonza hewa kwa mikupuo mifupi kupitia ncha nyembamba ya mfupa wa bawa.*

Isifae: *Ita bundi alfajiri ili umpate bata.*
Ifae: *Alfajiri iga mlio wa bundi ili bata mzinga dume ashtuke, alie, nawe ujue alipo.*

Isifae: *Ukisikia akilia, mfuate taratibu.*
Ifae: *Usinyatie mlio. Keti, iga mlio wa jike, umngoje dume aje.*

Isifae: *Ukimwona mwindaji mwingine, mwite.*
Ifae: *Ukimwona mwindaji mwingine, usisogee wala usitumie chombo cha kuitia, paza sauti useme, "Kuna mtu hapa!"*